Dirisha la Dawa na Kitanda cha Mgonjwa

Mgonjwa aendaye hospitali huonana na watu wengi kabla hajaipata dawa. Huonana na karani aandikaye jina lake, na muuguzi ampimaye joto, na tabibu amwulizaye habari za mwili wake, na mtu wa maabara amtoaye damu kidoleni. Hawa wote huwaona uso kwa uso. Mfamasia peke yake humwona kwa dirisha. Mara nyingi hata uso hauonekani. Huonekana mkono tu, umeshika bahasha ndogo ya vidonge, na husikika sauti fupi kutoka nyuma ya nondo: moja kutwa mara tatu. Kisha jina la mtu wa pili huitwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi hudhani kazi ya nyuma ya dirisha ni kazi ya kuhesabu, na kwamba ahesabuye bila kukosea amekwisha kufuzu.

Lakini mkono ule haukuzuka tu. Kama ni wa mfamasia, umepita miaka minne ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa utarajali. Kama ni wa fundi dawa sanifu, ambaye siku hizi huitwa mteknolojia wa dawa, umepita miaka mitatu ya chuo cha kati. Na katika miaka hiyo mwenye mkono alipelekwa hospitali, akawekwa chini ya mkubwa wa kazi, akaambiwa: hapa jifunze kwa vitendo. Hapo ndipo penye shauri. Mwanafunzi husema hakufundishwa. Msimamizi husema mwanafunzi hakutaka kufunzwa. Ukiwasikiliza mmoja mmoja utamwamini kila mmoja. Ukiwasikiliza pamoja utatambua kwamba hawabishani juu ya jambo moja.

Mkoa wa Singida wafaa kutazamwa katika shauri hili kwa sababu si Dar es Salaam. Pale Muhimbili chuo na hospitali ni majirani wa uwanja mmoja. Mwalimu aweza kutoka darasani akafika wodini kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Singida iko katikati ya nchi, juu ya uwanda wa upepo na majabali makubwa ya mawe, penye maziwa ya Singidani na Kindai, na mashamba ya alizeti na vitunguu. Ulitengwa ukawa mkoa mwaka 1963, na katika sensa ya 2022 watu wake walizidi milioni mbili. Mjini pana hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko Makiungu masista wa Kikatoliki waliotoka Ireland walianza kazi ya uganga mwaka 1954, na hospitali yao ingalipo. Iambi ina hospitali ya Walutheri. Kiomboi ina hospitali ya wilaya ya Iramba. Na Itigi, penye reli ya kati, iko hospitali ya Mtakatifu Gaspari. Mwanafunzi wa ufamasia apelekwaye huko hutoka mbali: Dodoma kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, au Bugando ya Mwanza, au Dar es Salaam yenyewe. Mwalimu wake wa chuo huachwa nyuma mwendo wa basi wa nusu siku au zaidi, na ziara yake ya ukaguzi, ikiwapo, ni ya asubuhi moja. Baada ya hapo mwanafunzi ana msimamizi wake tu, na msimamizi ana mwanafunzi huyo juu ya kazi nyingine zote.

Kutaka mfamasia afike kitandani si desturi ya kale. Wakati wa utawala wa Waingereza, katika zahanati nyingi za Tanganyika dresa alifunga kidonda na kugawa dawa kwa mkono ule ule. Baada ya uhuru waliotaka kuwa wafamasia walisomea nchi za nje, mpaka mwaka 1974 mafunzo ya shahada yalipoanza Muhimbili, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 makasha ya dawa muhimu yalifungwa tayari na kupelekwa zahanati za vijijini. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mambo haya yote yalikuwa ya heri, na hapana mtu aliyewahi kukaa kijijini bila dawa atakayeyabeza. Walakini yalimzoeza mfamasia kuulizwa swali moja tu: dawa ipo au haipo? Swali la pili, kwamba dawa hii yamfaa mtu huyu au haimfai, liliachiwa mganga.

Swali la pili lilianza kuulizwa kwa sauti mbali sana. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wafamasia walipandishwa kutoka chumba cha chini wakapewa mahali katika ghorofa ya tisa, kando ya wagonjwa, wawe nao usiku na mchana. Lilionekana jambo la ajabu. Baadaye likawa mfano. Mwaka 1990 Hepler na Strand, wataalamu wawili wa Marekani, waliandika kwamba mfamasia awajibika kwa matokeo ya dawa ndani ya mwili wa mtu, wala hawajibiki kwa kuitoa tu. Tangu mwaka 2005 chuo hicho cha San Francisco kilishirikiana na Muhimbili katika kutengeneza upya mafunzo ya afya, na mwaka 2011 Muhimbili ikaanza mitaala inayompima mwanafunzi kwa yale awezayo kutenda, si kwa yale awezayo kukariri. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Famasi, ambayo Baraza la Famasi husimamia kwayo taaluma na watu wake.

Basi mwanafunzi afikaye Singida leo ametumwa kwa swali la pili, na hupokewa na mtu ambaye kazi yake humwuliza kila siku swali la kwanza. Mengi ya malalamiko yao hutoka katika tofauti hii, ingawa wao wenyewe huyaita kwa majina mengine: uvivu, kiburi, dharau, uchoyo wa elimu.

Tumtazame mwanafunzi kwanza. Hufika na koti jeupe lililopigwa pasi, na kitabu cha kumbukumbu za kazi chenye mistari ya mambo anayotakiwa kuyatenda, na kando ya kila mstari nafasi ya sahihi ya msimamizi. Mstari mmoja wasema afuatane na madaktari katika mzunguko wa wodi. Mwingine wasema amwulize mgonjwa historia ya dawa zake. Mwingine wasema agundue dawa mbili zisizopatana. Siku ya kwanza hupelekwa stoo. Huambiwa ahesabu makatoni, aandike kadi za stoo, apange dawa ili zile zitakazokwisha muda mapema zitangulie kutoka. Juma la pili yu stoo bado. Juma la tatu huwekwa dirishani, kwa sababu foleni ni ndefu na mkono mmoja zaidi ni mkono mmoja zaidi. Wodi huiona apitapo kwenda kunywa chai. Siku ya mwisho kitabu huletwa, na msimamizi hutia sahihi thelathini kwa kikao kimoja na kwa wino mmoja. Mwanafunzi hurudi chuoni na kitabu kilichojaa, na moyoni husema: nilikuja kujifunza mgonjwa, nikajifunza katoni.

Malalamiko haya yana haki, lakini si yote. Kuna wanafunzi wanaoiona stoo kuwa adhabu, na hapo hukosea. Dawa isiyokuwamo rafuni haiwezi kufundishwa kitandani. Mtu aliyewahi kuandika insulini iliyoharibika kwa sababu jokofu lilikosa umeme mwisho wa juma lote atamwuliza mgonjwa wa kisukari swali ambalo mwenzake hatalifikiri: nyumbani kwako waihifadhi wapi? Kadhalika njia ya dawa kutoka Bohari hadi Mkalama ina elimu yake. Bohari ikikosa dawa, hospitali hununua kwa mshitiri aliyechaguliwa, kwa mpango uitwao Jazia, ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima mwaka 2018. Mfamasia asiyeijua njia hiyo atamshauri daktari dawa nzuri kabisa isiyopatikana, na shauri lake halitaombwa mara ya pili. Ila kujifunza stoo kwa siku tano ni mafunzo; kukaa stoo majuma matano ni kuziba pengo la mtumishi ambaye serikali haijamwajiri.

Sasa msimamizi. Huyu mara nyingi ni mfamasia mmoja, au fundi dawa mmoja mwenye cheo cha kukaimu, katika hospitali ambayo ingepaswa kuwa na wanne. Asubuhi foleni yamngoja. Fomu za bima zamngoja, na kosa la herufi moja katika fomu ni fedha isiyolipwa. Ripoti ya matumizi na maombi ya dawa ina tarehe yake, na tarehe ikipita dawa hazitakuja. Mkaguzi akija atauliza juu ya leja. Hatauliza juu ya mwanafunzi. Hapana aliyemfundisha kufundisha. Hapana anayemlipa kwa kufundisha, wala saa za kufundisha hazimo katika ratiba yake. Barua ya chuo humjia ikisema kwa adabu nyingi kwamba wanafunzi kadhaa watafika, na kwamba ushirikiano wake wathaminiwa. Wakati mwingine wanafunzi hutangulia, na barua hufuata.

Tena ana shaka ambayo haisemi wazi. Alisoma zamani kidogo. Mwanafunzi huja na majina mapya ya dawa na simu mfukoni inayojibu kila kitu kwa nukta moja. Msimamizi akieleza neno, kijana huinamisha kichwa juu ya kioo cha simu, na mwelezaji hajui kama anaandikiwa, anahakikiwa, au anapuuzwa. Ni vyepesi zaidi kumwambia akahesabu makatoni. Katoni haibishi. Wasimamizi husema pia kwamba wanafunzi wa siku hizi wajua dawa na hawajui watu: waweza kutaja namna kidonge kinavyovunjwa na ini, lakini hawawezi kumwamkia bibi wa Ikungi ipasavyo, wakakaa, wakangoja ajibu. Maneno haya yana uzee ndani yake, maana kila kizazi husema hivyo juu ya kinachofuata. Hata hivyo yana kitu kingine kilicho kweli, nacho kitaelezwa baadaye kidogo.

Kabla ya hapo yafaa kuhadithia jambo moja lililotokea katika hospitali ya mkoa huu ambayo haina haja kutajwa jina. Palikuwa na mwanafunzi wa kike wa mwaka wa nne. Baada ya kuomba sana aliruhusiwa kufuata mzunguko wa wodi ya wanaume. Mbele alitangulia daktari, nyuma yake tabibu, kisha muuguzi na mafaili, kisha wanafunzi wa uuguzi, na mwisho kabisa, miguuni pa kitanda, yeye. Katika kitanda cha sita alilala mtu wa makamo aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa muda mrefu, na sasa amegunduliwa kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu zilikwisha kuanzwa. Mwanafunzi aliangalia karatasi ya dawa, akaona kidonge cha dolutegraviri kimeandikwa mara moja kwa siku, kama zamani. Alijua kwamba rifampisini, iliyo katika dawa za kifua kikuu, hulihimiza ini kuivunja dolutegraviri upesi kuliko kawaida, hata kiasi kilicho katika damu kikapungua mno. Na kwa hiyo mgonjwa wa namna ile huongezewa kidonge kingine cha miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Kidonge cha pili hakikuandikwa. Aliyajua yote haya kama ajuavyo jina la mama yake. Hakusema neno. Msafara ukaenda kitanda cha saba.

Hapa pana siri ya mafunzo yote ya namna hii. Hakukosa elimu. Alikosa mahali pa kusimama ili aiseme. Daktari hakumkataza; daktari hakumwona. Mfamasia katika mzunguko wa wodi zetu bado ni mgeni ambaye hapana aliyemwalika wala aliyemfukuza, na mwanafunzi wa mfamasia ni mtoto wa mgeni huyo.

Adhuhuri alirudi dirishani akamwambia msimamizi wake kwa sauti ya kunong'ona. Msimamizi alikuwa akihesabu vidonge, na foleni ilifika mpaka kwenye mwembe. Angeweza kumwambia kwamba mambo ya madaktari awaachie madaktari. Angeweza pia kuandika kikaratasi akampa mhudumu akipeleke, na dawa ingesahihishwa vile vile, na sifa ingekuwa yake. Hakufanya hivyo. Alimwachia dirisha msaidizi wake, akavuta koti, akaenda na mwanafunzi mpaka chumba cha daktari. Huko alisema sentensi moja tu: kwamba mwanafunzi huyu ana swali juu ya kitanda cha sita. Kisha akanyamaza. Mwanafunzi akaeleza, kwanza kwa Kiingereza cha kitabu, kisha, alipokwama, kwa Kiswahili. Daktari akatazama mwongozo, akachukua kalamu, akaandika kidonge cha pili. Akauliza kama yuko mgonjwa mwingine wa namna hiyo wodini. Basi. Halikuzidi dakika kumi.

Jambo lenyewe ni dogo. Lililo kubwa ni hesabu walizolifanyia wale wawili baadaye. Mwanafunzi, alipotakiwa chuoni kueleza alifundishwa nini katika majuma yale, alitaja dakika kumi zile, akasema hizo tu. Msimamizi, alipoulizwa ni lini alimfundisha mwanafunzi wake vizuri, alitaja siku aliyompitisha katika leja mstari kwa mstari, kutwa nzima, bila kwenda kula. Siku ya kitanda cha sita aliikumbuka kwa sababu nyingine: foleni ilichelewa, na mama mmoja alimkemea mbele ya watu. Hakuihesabu kuwa mafunzo. Kwake ilikuwa kazi iliyoharibika ratiba.

Yaelekea hivi ndivyo ilivyo mahali pengi. Mwanafunzi aita mafunzo kile kinachompeleka mbele ya mgonjwa akiwa na haki ya kusema. Msimamizi aita mafunzo kile alichokitoa kwa jasho, na jasho lake liko katika leja. Karatasi za maoni wajazishwazo mwisho wa muhula haziwezi kulionyesha hili, maana huwauliza wote wawili kama mafunzo yalikuwa mazuri, wastani au mabaya, na hawaulizwi kwanza mafunzo ni kitu gani.

Yako mengine ambayo msimamizi huyajua na hayahesabu hata kidogo kuwa elimu. Nayo ni ya lugha. Mwanafunzi hufundishwa ufamasia kwa Kiingereza. Hufanya mtihani kwa Kiingereza, hufikiri kiasi cha dawa kwa Kiingereza, kisha dirishani hutakiwa kuyasema yote kwa Kiswahili katika muda wa nukta thelathini, kwa mtu ambaye huenda alizaliwa katika Kinyaturu au Kinyiramba, au, kule Manyoni, katika Kigogo. Hapana somo la jambo hili. Hudhaniwa kwamba maadamu kila Mtanzania ajua Kiswahili, kila Mtanzania aweza kuieleza dawa kwa Kiswahili. Dhana hii ni mbovu, na ubovu wake waweza kuonyeshwa kwa maneno mawili matatu.

Lichukuliwe neno "kutwa". Kutwa ni neno la jua. Ni kuzama kwake. Watu husema usiku kucha na mchana kutwa, na kila mtu ajua ni sehemu gani ya siku inayosemwa. Mfamasia asemapo "moja kutwa mara tatu", kichwani mwake mna saa ishirini na nne zilizogawanywa kwa tatu, kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu yatakiwa isipungue katika damu. Lakini mgonjwa asikiaye Kiswahili kwa maana yake husikia mchana mmoja wenye vidonge vitatu: kimoja na uji, kimoja na ugali wa mchana, kimoja kabla ya giza. Kisha usiku mrefu usio na dawa, na vijidudu havilali. Mgonjwa hakukaidi. Alitii maneno aliyopewa, neno kwa neno.

Au lichukuliwe neno "saa". Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 malaria ya kawaida nchini hutibiwa kwa dawa mseto badala ya ile iliyotangulia. Mtu mzima humeza vidonge vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Na mara ya pili hupasa kuwa baada ya saa nane tangu ile ya kwanza. Baada ya saa nane! Katika Kiswahili maneno haya yana mlango wa mbele na wa nyuma. Yaweza kuwa urefu wa muda, yaweza kuwa saa ya ukutani. Mgonjwa aliyemeza vidonge vya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa ameze tena baada ya saa nane, aweza kwa akili timamu kumeza saa nane na robo mchana, ilhali iliyotakiwa ni saa kumi na mbili jioni. Aliyefika dirishani jioni ndiye ataabikaye zaidi, maana saa nane zake humwangukia usiku wa manane. Tena dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na mafuta kidogo. Kitabu cha mwanafunzi chasema chakula chenye mafuta. Fundi dawa wa Singida husema karanga, au maziwa, au mboga iliyoungwa kwa alizeti, na mgonjwa huyaona nyumbani kwake kabla hajatoka mlangoni.

Fundi dawa mkongwe, ambaye pengine hajui jina la kimeng'enya kiivunjacho dawa ile, huyajua haya yote. Hatumii saa, hutumia jua, na mlo, na kurudi kwa ng'ombe zizini. Humwambia mgonjwa: meza hivi sasa hapa hapa mbele yangu, kisha jua likizama. Halafu humwuliza: basi utameza lini? Humngoja aseme mwenyewe. Hili ndilo wasimamizi wanalomaanisha wasemapo kwamba vijana hawajui watu, ila hulisema kwa namna ya lawama, na kijana husikia lawama tu asisikie somo. Laiti msimamizi angejua kwamba swali lake lile dogo, utameza lini, ni sehemu ya uganga yenye uzito kama mwongozo ulio mezani kwa daktari, angelifundisha kwa fahari; na laiti mwanafunzi angejua hivyo, angeona dirisha si kifungo bali ni kitanda kingine, ambacho mgonjwa wake amesimama.

Singida ilikwisha kuhusika katika ushahidi wa mambo haya kwa njia ya pekee. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzishwa katika mkoa wa Ruvuma: wauzaji wa maduka madogo walifunzwa, wakapewa vyeti, wakakaguliwa. Ili ijulikane kama mafunzo yameleta tofauti, ulitakiwa mkoa mwingine ambao haukuguswa, uwe wa kulinganishia. Mkoa huo ulikuwa Singida. Kwa hiyo wakati watoa dawa wa Songea walipokuwa wakifunzwa, wa Singida walikuwa wakitazamwa jinsi mambo yaendavyo pasipo kufunzwa. Wataalamu wana sababu nzuri za kufanya hivyo, na mpango wenyewe baadaye ulienea nchi nzima, Singida ikiwamo. Lakini si vibaya mwanafunzi ashukaye stendi ya Singida na koti lake jeupe akajua kwamba amefika mahali ambapo thamani ya mafunzo iliwahi kupimwa kwa kukosekana kwake.

Yatupasa nini, basi? Vyuo vyaweza kuanza na lililo rahisi: msimamizi afundishwe kufundisha, hata kwa siku tatu, na kazi hiyo iandikwe katika ratiba yake na katika tathmini ya cheo chake, si katika shukrani za barua. Mwanafunzi apewe wagonjwa watatu tu, awafuate tangu kitandani mpaka dirishani siku ya kutoka hospitali, badala ya mistari thelathini ya kutiwa sahihi. Na daktari aambiwe kabla kwamba katika mzunguko wa Jumanne atamwuliza mfamasia swali moja, lolote. Maana mtu aliyeulizwa mara moja huwa na mahali pa kusimama mara ya pili. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Lililo gumu lahitaji fedha, nalo ni mtumishi wa pili dirishani. Msimamizi aliye peke yake hataondoka kwenye foleni kila siku kwa ajili ya kitanda cha sita, na asiye na haya ndiye atakayemlaumu.

Mwanafunzi yule wa kike alimaliza majuma yake akaondoka. Kabla ya kuondoka alibandika karatasi kando ya dirisha, upande wa ndani, kwa ajili ya yeyote atakayeshika zamu. Ina safu mbili: upande mmoja wakati mgonjwa alipomeza dawa mseto mara ya kwanza, upande wa pili wakati wa kumeza tena, umeandikwa kwa jua na kwa mlo. Aliitunga na fundi dawa mkongwe alasiri moja ambayo foleni ilikuwa fupi, akiuliza yeye na kuandika, na mzee akijibu huku akihesabu vidonge. Karatasi ingalipo. Jumatatu iliyofuata walifika wanafunzi wengine wawili, na barua yao ikafika Alhamisi. Msimamizi aliwapeleka stoo kama ilivyo ada. Ila siku ya nne aliwaita dirishani, akawaonyesha karatasi, akawaambia waisome kwa sauti. Na chini yake, kwa kalamu nyekundu ya leja, alikuwa ameongeza mstari wa Kinyaturu.